Picha Nayo Ina Kipimo: Kipupwe Chetu Katika Masoko ya Njombe na Makambako

Kwa sisi watu wa Tanga, kipupwe ni majira ya raha. Upepo wa kusi huvuma, joto hupungua, na mtu hulala bila kujipepea. Katika nyanda za juu kusini majira hayo hayo yana sura nyingine. Mji wa Njombe umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake ya alfajiri hushuka chini ya nyuzijoto 10. Kuna siku sakitu huonekana juu ya nyasi, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa. Huko ndiko tulikokaa kipupwe kilichopita, sisi mume na mke, kwa muda wa wiki tisa.

Binti yetu ameolewa huko, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu mzazi hakai arobaini yake bila mama, kwa hiyo bibi wa mtoto alikuwa na kazi tangu siku ya kwanza: maji ya moto, uji, kumkanda mzazi, kumwogesha mtoto. Babu wa mtoto hakuwa na kazi isipokuwa kwenda sokoni. Baada ya siku chache jirani mmoja mwema akawa anakuja asubuhi kumwangalia mzazi, nasi tukapata saa mbili za kutoka pamoja, mmoja na kikapu, mwingine na kamera ambayo kijana wetu mkubwa alitupa aliponunua mpya.

Tulirudi Tanga na picha za masoko zaidi ya mia tatu. Lakini si uzuri wa picha hizo tunaotaka kuwasimulia wasomaji wa kurasa hizi za familia. Tunataka kusema juu ya deni lililomo ndani ya picha ya mtu, deni ambalo wengi wetu tunalibeba katika simu zetu bila kulihesabu.

Soko la alfajiri

Aliyezoea masoko ya pwani, ya samaki, nazi na mihogo, akifika Njombe huona kana kwamba amefika nchi nyingine. Viazi mviringo vimerundikwa kama vifusi vya kokoto. Kuna maharage ya rangi zote, njegere, karoti, kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu, na parachichi, zao ambalo miaka ya karibuni limebadili mashamba mengi ya mkoa huo. Dagaa wa Ziwa Nyasa hupandishwa kutoka upande wa Ludewa. Vitu vidogo hupimwa kwa sado, kopo la plastiki la lita nne lililoanza maisha yake likiwa na rangi ya nyumba. Vikubwa hupimwa kwa ndoo, kwa debe na kwa gunia.

Ukungu hukaa hadi saa tatu asubuhi. Mwanga wake ni laini, hauna kivuli kikali, na nyuso za watu huonekana ndani yake hadi mkunjo wa mwisho. Wauzaji huvaa masweta mawili, kitenge juu yake, mzula kichwani na mabuti ya mpira miguuni. Kila watu watatu au wanne wana jiko la mkaa katikati yao, na mikono haitoki juu ya jiko hilo mpaka mteja asimame. Hata kamera ilihisi baridi: betri huishiwa nguvu haraka, na tulijifunza kuiweka ya akiba katika mfuko wa ndani wa shati, karibu na kifua.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kwanza tulisalimu kwa neno la wenyeji, Kamwene, na neno hilo peke yake lilitufungulia nyuso nyingi. Kisha tulinunua, kwa sababu soko si mahali pa kutazama watu bure. Mwenye kikapu aliongea, akauliza bei, akauliza habari za mavuno na za watoto. Mazungumzo yakikaa vizuri ndipo mwenye kamera alipouliza kama angeweza kupiga picha. Wengi walikubali. Wapo waliokataa kwa kicheko, na mmoja alikataa bila kicheko.

Aliyekataa

Alikuwa mama wa makamo, muuzaji wa viazi, mwenye kauli fupi na mikono yenye nguvu. Tulinunua kwake mara nne kabla ya kumwuliza. Siku tulipomwuliza, alifuta mikono yake kwenye kitenge, akasema, "Viazi pigeni, mimi hapana." Tukapiga viazi, tukamshukuru, tukaenda zetu.

Siku iliyofuata tuliporudi bila kulitaja tena jambo lile, yeye mwenyewe alilianza. Akamwambia bibi wa mtoto, "Mama, jana sikuwakataa kwa ubaya," kisha akaeleza.

Miaka miwili nyuma, siku ya mvua, alikuwa akivuka matope na gunia mgongoni. Viatu amevishika mkononi visiharibike. Gari likasimama, wakashuka watu asiowajua, wakampiga picha, wakaondoka. Hawakumsalimu. Miezi ikapita, akasahau. Kisha akapigiwa simu na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akisoma chuo huko Dodoma. Picha ile ilikuwa imemfikia kijana kupitia simu za wenzake, na chini yake pameandikwa maneno ya kuwaombea msaada akina mama wenye njaa. Kijana alinyamaza kwanza, kisha akamwuliza, "Mama, kwani nyumbani kuna njaa?"

"Wiki ile," alitwambia, "nilikuwa nimeuza magunia kumi na moja. Ada yake nilikuwa nimemaliza kuilipa." Kisha akanyamaza, akampimia mteja wake sado mbili, na hakuongeza neno.

Hatukuwa na la kumjibu. Kilichomwuma hakikuwa matope wala miguu mitupu. Hayo ni ya kazi, na kazi haina aibu. Kilichomwuma ni kwamba mwanawe, aliyemsomesha kwa mgongo wake, alilazimika kwa dakika moja kumtilia shaka. Walioipiga picha ile huenda walikuwa na nia njema. Lakini nia njema haikuuliza jina lake, wala haikumwuliza kama ana njaa.

Lumbesa

Ni mama huyo huyo aliyetueleza habari ya lumbesa, ingawa wengi wa wasomaji wetu wanalijua neno hili. Mnunuzi wa jumla hukubaliana na mkulima bei ya gunia moja. Gunia likijaa, halifungwi mdomo. Huongezwa kipande cha wavu au cha gunia jingine juu yake, viazi vikaendelea kupandishwa mpaka kinasimama kilemba kizima juu ya mdomo, kisha hushonwa kwa kamba. Bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na zaidi. Sheria ya vipimo imekataza jambo hilo: mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100 na yapimwe kwenye mizani, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipiga vita kwa miaka mingi. Hata hivyo mkulima mwenye haraka ya ada au ya dawa hukubali kilemba kile, kwa sababu akikataa, gari litaondoka tupu kwenda kwa jirani yake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani tulijikuta tunasema neno moja: picha ya yule mama ilikuwa lumbesa. Na kwake hata gunia la kwanza halikukubaliwa. Mara nyingi lakini mtu hukubali kidogo, na mpigaji huchukua kingi. Mtu amekubali kupigwa picha ya kumbukumbu, nayo ikawa tangazo. Amekubali ionekane na watu wawili waliosimama mbele yake, ikaonekana na watu elfu. Amekubali sura yake, akashonewa juu yake kilemba cha maneno ambayo hakuyasema.

Dini yetu imelikemea jambo la vipimo kwa ukali. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inafungua kwa onyo kwa wanaopunja. Na katika Surat Nur tumefunzwa kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za kamera zenyewe, na si kazi yetu kuamua baina yao. Lakini hatudhani kuna anayehitilafiana juu ya hodi. Uso wa mtu ni mlango wake. Sheria ya nchi nayo imeanza kusema lugha inayokaribiana na hiyo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeitambua ridhaa ya mtu juu ya habari zake.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wenye studio Unguja, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza postikadi kwa wasafiri wa meli. Ndani yake wamo bibi zetu na babu zetu: mchuuzi, mchukuzi, mwanamke wa Kiswahili. Ndivyo zilivyoandikwa, kwa kazi au kwa kabila, bila jina. Zimefika Ulaya na Marekani, zimo katika makumbusho, na hakuna awezaye leo kumwambia mjukuu kwamba huyu ndiye bibi yako. Lakini Unguja hiyo hiyo ina mfano mwingine. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Huko familia zilikwenda kwa miguu yao, zimevaa nguo zao bora, zikakaa kama zilivyotaka kuonekana, na picha zikarudi nazo nyumbani. Ufundi ulikuwa ule ule wa lenzi na mwanga. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeamua.

Makambako

Mara tatu tulikwenda Makambako, kilomita zipatazo 60 kaskazini ya Njombe. Ni mji wa njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ishukayo Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA ipo hapo hapo. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Makambako ni mji wa upepo pia. Upepo wake hauchoki. Hupeperusha maturubai, hufunika vumbi juu ya maharage, na humlazimisha muuzaji kuweka jiwe juu ya kila kitu chepesi.

Soko lake ni la watu wanaopita. Malori husimama, mabasi husimama, na vijana hukimbilia madirishani na karoti, vitunguu na viazi vilivyofungwa kwenye neti. Mitumba inayotafutwa zaidi si mashati mepesi kama kwetu, bali makoti, masweta na mablanketi. Wakinga, waliotoka milima ya Makete na kusifika kwa biashara, utawakuta katika maduka mengi.

Huko tulikuta watu wanaopenda picha kuliko Njombe. Kijana mmoja wa mitumba alivaa makoti matatu moja juu ya jingine, akatuamuru tumpige mbele, nyuma na ubavuni. Mchukuzi wa mizigo alituuliza swali ambalo kila mpiga picha angepaswa kuulizwa: "Hiyo ikitoka hapa inakwenda wapi?" Tulimjibu kwamba moja itarudi kwake, na nyingine itakaa katika albamu yetu Tanga. Akafikiri, akaturuhusu, akatuandikia jina lake kamili katika daftari ili tusimpoteze.

Kwa mizee mmoja, muuzaji wa vikapu na nyungo, tulipata picha ambayo mwenye kamera aliipenda kuliko zote. Mzee alikuwa amekaa kinyume na upepo, kola ya koti imeinuliwa, mkono mmoja umeshika ungo usiruke, na macho yake yanatazama barabara. Aliturudishia shikamoo yetu kwa heshima na kutukubalia bila shida.

Kurudisha

Tulikuwa tumeahidi kurudisha, na kuahidi sokoni ni rahisi kuliko kutimiza. Tulikwenda studio mjini Njombe kusafisha picha, tukaandika majina nyuma yake, tukazigawa. Kazi hiyo ilikula fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya safari ya kwenda kuona Ziwa Nyasa, na ziwa hatukuliona. Lakini tuliona jambo jingine. Picha ya karatasi, katika siku hizi za simu, hupokewa kwa mikono miwili. Watu waliifuta vumbi isiyo na vumbi. Walimwita jirani. Bibi mmoja wa njegere aliiweka ndani ya kanga, akaitoa, akairudisha tena.

Mzee wa vikapu aliitazama yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni nzuri. Lakini hii ikae kwangu. Huko kwenu isiende." Hakutoa sababu, nasi hatukuitafuta. Tuliifuta katika kamera mbele ya macho yake, akaona kioo kimebaki kitupu, akatushukuru kama mtu aliyerudishiwa mali. Hatutaficha kwamba iliuma. Njia nzima ya kurudi Njombe mwenye kamera alikuwa kimya, na mwenye kikapu alimwacha na ukimya wake. Lakini ridhaa isiyoweza kurudishwa si ridhaa; ni mauzo, na mzee hakuwa ameuza.

Wiki ya mwisho mama wa viazi alitupa habari mpya. Alikuwa ameona picha za jirani zake. Akasema sasa tunaweza kumpiga, lakini si leo; tuje Jumamosi. Jumamosi tulimkuta amevaa kitenge kipya na kilemba chake, amesimama kando ya mizani, na nyuma yake magunia yaliyofungwa midomo sawasawa, hata moja halina kilemba. Tulipiga tatu, akachagua moja. Nyuma yake alitaka paandikwe jina lake na maneno haya: mkulima na mfanyabiashara wa viazi. Nakala mbili zilisafishwa, moja ya kwake na moja ya mwanawe. Tulipomwuliza kama tunaweza kuileta gazetini, alicheka kwa mara ya kwanza na kusema hapana. Ndiyo sababu, ndugu msomaji, huioni hapa.

Picha za nyumbani

Baada ya hayo tulianza kuzitazama upya picha za nyumbani mwetu. Mjukuu wetu alikuwa na mwezi mmoja, na ndugu wa Tanga, Dar es Salaam na Muscat walikuwa wakidai picha yake kila siku. Tungeweza kuituma, nao wangeituma mbele, na kabla ya magharibi ingefika kwa watu ambao hawajui hata jina la baba yake. Mkwe wetu alisema polepole kwamba angependa mtoto aonekane kwanza na wale watakaombeba. Binti yetu akaongeza, "Na akikua, naye aulizwe." Tukasafisha picha tano za karatasi, tukaziandika majina ya watakaozipokea, tukazibeba mfukoni.

Hatusemi watu waache kupiga picha. Masoko yetu yanastahili kukumbukwa, na wajukuu watatuuliza bibi zao walifananaje. Tunachokiomba ni vitu vichache ambavyo kila nyumba inaviweza. Mtu aulizwe kabla, si baada. Aambiwe picha itakwenda wapi, na isivuke hapo bila yeye. Jina lake liandikwe, kama anapenda. Akibadili nia, ifutwe mbele yake. Mgonjwa kitandani, maiti, mtoto aliyelia, mama aliye kazini katika matope: hawa mlango wao ubishwe hodi mara tatu, na pasipojibiwa turudi. Na ikiwezekana, nakala moja imrudie mwenyewe, kwa sababu picha ambayo mwenyewe hajaiona ni mzigo uliopimwa yeye hayupo.

Wabillahi tawfiq.